Shingo ya mpasuaji haiponi kwa kukandwa tu

Madaktari wapasuaji ni wagonjwa wagumu. Hufika wamechelewa, tena na maelekezo tayari: "Nikande hapa tu, kesho asubuhi nina operesheni." Sisi wa fiziotherapia tunawakanda, ndiyo. Ila tukiishia hapo, maumivu yatarudi, maana kilichoiumiza shingo kimebaki thieta, chumba cha upasuaji.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Kikikaa wima juu ya pingili 7 za shingo, misuli haisumbuki sana. Kikiinama, misuli ya nyuma ndiyo inayokishikilia, na mzigo unaongezeka mara kadhaa. Weka juu yake miwani ya kukuza na taa ya kichwani, halafu ukae hivyo saa 3 bila kugeuka. Wakati huo husikii kitu, akili yote iko kwa mgonjwa. Shingo huanza kudai chake usiku.

Kwa hiyo kabla hatujakugusa tunaomba picha yako ukiwa kazini, iliyopigwa kutoka ubavuni (mgonjwa asionekane, tafadhali). Mara nyingi kitanda kimepandishwa kumfaa mtu mwingine. Katika upasuaji wa wazi, mikono ifanye kazi karibu na usawa wa kiwiko. Katika ule wa matundu madogo kitanda kishuke zaidi, kwani vifaa ni virefu, na skrini iwe mbele yako, chini kidogo ya macho. Mkipishana kimo, kitanda kimfuate mrefu, mfupi apandie kibao. Lakini tunachokilaumu zaidi ni miwani: ikiwa haielekezi macho chini vya kutosha, utainama hata ukijikumbusha vipi.

Mapumziko ya dakika 1 au 2 kila baada ya dakika 20 hadi 40, ukivuta mabega nyuma na kidevu ndani, yamefanyiwa utafiti na operesheni hazikuonekana kurefuka. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya ndani ya shingo huja baadaye. Hayapendezi, tunakiri.

Ganzi inayoshuka mkononi tutaipima. Ila mkono ukipoteza nguvu, vidole vikawa vizito kufunga fundo, au miguu ikaanza kuyumba, usije kwetu. Huenda uti wa mgongo umebanwa. Mwone daktari bingwa siku hiyo hiyo, hata kama una operesheni kesho asubuhi.