Ndege isiyo na injini ifike shuleni

Mhariri,

Upepo ukiwa mzuri wikendi, mimi hupanda vilima vya Ngong na ndege niliyoiunda mwenyewe, mabawa yake mita mbili. Haina injini wala kamera. Ina betri, kipokezi cha redio na vimota viwili vya kugeuza mkia. Hukaa angani muda mrefu kwa sababu upepo wa mashariki ukigonga mteremko hulazimika kupanda, nayo hupanda nao. Ni upepo huohuo uliofanya mitambo ya umeme isimamishwe pale kuanzia 1993.

Walimu wa fizikia, tafadhali jaribuni jambo hili. Mwanafunzi achukue povu gumu linalofungia televisheni, akate bawa kwa waya wa moto, aliimarishe kwa ufito wa mwanzi. Kisha aongeze misumari puani mpaka ndege itulie sawa juu ya vidole viwili, karibu robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Uzito ukirudi nyuma mno, ndege huinua pua, hupoteza kasi na kuanguka. Akishaiona ikianguka, hatahitaji kukariri kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo ndege hutulia sawa.

Wapita njia huniuliza kibali cha droni. Ni swali la haki. Ndiyo maana naomba mamlaka ya anga itoe maelezo mafupi kwa Kiswahili kuhusu ndege kama hizi, na vilimani itengwe sehemu moja ya kurushia, mbali na njia za watembeaji.

Fundi redio,
Ngong, Kajiado