Mama, usitie siki kwenye chupa ya buluu ya Bibi

Leeds, Jumapili usiku

Mama, shikamoo.

Sisi huku wazima, ila baridi. Nakuandikia kwa ajili ya ile chupa ya buluu ya marehemu Bibi, iliyo kabatini pale Ngamiani. Naomba siki iliyomo uimwage leo hii.

Jumamosi tulikwenda kuchimba jalala la kale, shambani kwa mzee mmoja aliyeturuhusu. Karne ya 19 watu walimwaga hapo majivu ya makaa ya mawe, na taka zao zimelala humo: maganda ya chaza, viko vya udongo, vigae vya sahani. Tulizama mpaka kifuani. Chuma cha kuchimbia kikigusa kioo, unaweka chuma kando unaendelea kwa vidole. Nilitoa chupa tatu za soda za kuzibwa kwa gololi, zile za Hiram Codd za mwaka 1872. Zote zimepasuliwa, maana watoto walizivunja wapate gololi.

Ya nne ikatoka nzima. Nilipoifuta, moyo ulinienda mbio: buluu ileile, pembe sita, matuta marefu ubavuni, maandishi yaliyotuna kwenye kioo chenyewe. Pacha wa ile ya Bibi! Maandishi yanaonya isinywewe. Mama, ni chupa ya sumu. Matuta yaliwekwa makusudi, ili mtu akipapasa dawa gizani mkono umshtue kabla hajaitia mdomoni. Na sisi miaka yote tulidhani ni urembo.

Lakini usiitupe, nakusihi, wala usiisugue kwa mchanga. Ioshe, kisha, ili tujue umri wake, uufuate kwa ukucha mshono wa ubavuni, ule mstari ulioachwa na kalibu. Ukiishia shingoni, mdomo wake ulimaliziwa kwa mkono. Ukipanda mpaka ukingoni, basi huenda ni ya mashine, kama ile aliyoifanikisha Michael Owens kule Marekani mwaka 1903. Tazama pia kama kioo kina mapovu. Salimu apige picha ya kitako, herufi zisomeke.

Wewe Salimu, najua mikono itakuwasha. Magofu ya kale ya Tongoni, hapo karibu na Tanga, usiyaguse! Sheria ya mambo ya kale ya 1964 inataka kibali, tena pale pana makaburi.

Mama, muulize Shangazi kama anakumbuka Bibi aliipata kwa nani. Mimi nakumbuka tu ilikuwa na mafuta ya taa, juu kabisa, tusikoweza kufika.

Wasalimie wote.

Mwanao