Geuza Ganda Utazame Mgongo Wake: Kwa Nini Rangi ya Sakafu ya Gereji Hubanduka

Wateja wengi wanaotupigia simu kuhusu sakafu ya gereji huanza kwa kuuliza ni rangi gani iliyo imara kuliko zote, nasi huwajibu kwa kuwaomba jambo ambalo hawakulitarajia. Kama sakafu iliwahi kupakwa rangi ikabanduka, tunawaomba waokote kipande kimoja cha ganda, wakigeuze, kisha watutumie picha ya upande wa chini. Upande wa chini ukiwa msafi na unang'aa, rangi haikupata pa kushika, kwa sababu sakafu ilikuwa laini mno au ilikuwa na mafuta au nta. Ukiwa umebeba unga wa kijivu, rangi ilishika vizuri kabisa, ila ilichokishika ndicho kilichong'oka. Na kama kabla ya kubanduka rangi ilifura malengelenge, na malengelenge hayo yakitobolewa yanatoa maji, basi tatizo linatoka chini ya zege lenyewe.

Somo la unga wa kijivu tulilipata kwa gharama yetu wenyewe. Katika mwaka wetu wa kwanza tulipaka gereji ya magari mawili katika nyumba moja ya Lang'ata. Tulifagia, tukaosha kwa sabuni na maji mengi, tukaiacha sakafu ikauke siku mbili, kisha tukapaka epoksi (rangi ngumu ya sakafu inayochanganywa kutoka makopo mawili) ya bei isiyo ya mchezo, na siku tuliyokabidhi kazi ungeweza kuona taa ya dari ikimeremeta sakafuni. Wiki ya tatu mwenye nyumba alitupigia simu, akasema kwa upole uliotuumiza kuliko kama angetufokea: "Fundi, gari langu limeondoka na rangi yako." Tulikuta mabaka manne yenye upana wa tairi, mahali palepale gari linapoegeshwa kila jioni, na kwenye tairi moja la nyuma kipande cha rangi kilikuwa bado kimeng'ang'ania. Tulipokibandua na kukigeuza, tuliona ngozi ya saruji, nyembamba kama ganda la yai, iliyong'oka pamoja nacho.

Tairi linaloingia gerejini baada ya mwendo mrefu, hasa alasiri ya Februari, hufika likiwa na joto. Joto hilo huilainisha rangi kidogo, na tairi linapopoa hunywea huku limeikandamiza rangi kwa uzito wote wa gari, likaivuta. Rangi iliyoshikana na zege gumu huustahimili mvuto huo kila jioni kwa miaka. Iliyoshikana na utando dhaifu huondoka nao.

Utando wenyewe una jina ambalo kila fundi wa Nairobi analijua: niru. Baada ya sakafu kumwagwa na kusawazishwa, saruji kavu au uji mzito wa saruji hutandazwa juu yake ingali mbichi, ukasuguliwa kwa mwiko wa chuma mpaka ung'ae. Kwa sebule ya miaka iliyopita, iliyokuwa ikipakwa rangi nyekundu ya sakafu na kusuguliwa nta kila Jumamosi, niru ilikuwa kazi safi na hatuna neno nayo. Kwa rangi ya gereji ni msingi mbaya kwa sababu mbili: ni laini kiasi kwamba rangi haina tundu la kuingia, na mara nyingi haikushikana barabara na zege lililo chini yake. Hata pasipo niru, zege lililochanganywa kwa maji mengi kupita kiasi hupandisha juu maji yaliyobeba chembe laini za saruji na vumbi, ambazo hukauka zikawa utando wa namna hiyohiyo. Ukikwaruza sakafu kwa ufunguo ikatoa unga mweupe, utando huo unao.

Ndiyo maana kazi yetu huanza kwa kusaga. Tunatumia mashine yenye meno ya almasi iliyounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi, na tunasaga mpaka niru yote iondoke na chembe za mchanga zianze kuonekana. Sakafu iliyosagwa ipasavyo ukiipitisha kiganja utahisi mkwaruzo kama wa msasa, na ukiidondoshea tone la maji, tone hilo litanyweka katika muda usiozidi dakika moja hivi na kuacha doa jeusi. Tone likikaa juu kama shanga, bado kuna kitu kinachoziba. Vumbi la zege lina silika, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu bila ya tiba, kwa hiyo mafundi wetu huvaa barakoa za kuchuja vumbi, na tunawaomba wenye nyumba wasiwaruhusu watoto kuja kutazama. Kwa pembe na kingo, ambako mashine kubwa haifiki, tunatumia grainda ya mkono, na kwa kweli hapo ndipo utakapomtambua fundi mvivu. (Tunawakumbusha wateja pia wanunue tokeni za stima za kutosha. Imetutokea zaidi ya mara moja mashine ikazima katikati ya sakafu, tukaketi kwenye ndoo kusubiri mtu atafute nambari ya mita.)

Mara kwa mara tunaulizwa kwa nini tusimwage asidi, kwa kuwa ni rahisi na haihitaji mashine. Asidi ya haidrokloriki hula saruji kweli, na ule mvuke na povu humfanya mteja aamini kwamba kazi kubwa imefanyika. Hata hivyo haiondoi mafuta wala nta. Palipo na vitu hivyo haigusi kabisa, nawe unabaki na sakafu iliyolika hapa na isiyolika pale. Huacha chumvi ambazo lazima zisuuzwe kwa maji mengi na zaidi ya mara moja, na sote tunajua mgao wa maji ulivyo katika mitaa yetu: fundi akiona tangi limepungua, suuzo la tatu halifanyiki. Mvuke wake pia huvitia kutu vifaa vya chuma vilivyo karibu. Hatuitumii.

Mafuta ya injini ndiyo adui wa pili. Doa la zamani huwa limepenya ndani ya zege, na kulisaga kabla ya kulisafisha ni kulieneza, hivyo tunaanza kwa sabuni kali ya kuondoa grisi na burashi ngumu, tunafyonza maji machafu badala ya kuyasukuma pembeni, na tunarudia mpaka tone la maji likubali kunyweka. Doa likikataa baada ya kurudia mara kadhaa, tunachimba sehemu ile na kuijaza upya.

Unyevu ni habari nyingine, na hapa ndipo tumewahi kukataa pesa. Sehemu za Embakasi, South C na Syokimau zimekalia udongo mweusi unaovimba unyeshewapo na kupasuka wakati wa kiangazi, nao hushika maji kwa muda mrefu. Zege si chuma. Lina vinyweleo, na unyevu hupanda kupitia humo ikiwa chini yake hapakutandikwa nailoni nzito kabla ya kumwagwa, au ilitandikwa ikatobolewa na mawe. Sakafu isiyo na rangi huutoa unyevu huo hewani bila mtu kujua. Ukiifunika kwa epoksi, ambayo haipitishi maji, unyevu hukwama chini na kuisukuma rangi juu mpaka ifure.

Kipimo cha kwanza unaweza kukifanya mwenyewe bila gharama. Kata nailoni angavu yenye ukubwa wa karibu nusu mita kila upande, ibandike sakafuni kwa utepe unaonata pande zote nne pasibaki upenyo, mahali pasipopigwa na jua, uiache kwa saa 24. Ukiiondoa ukakuta matone upande wa ndani, au zege lililokuwa chini yake limekuwa jeusi kuliko la pembeni, usipake. Fanya hivyo sehemu mbili au tatu, maana unyevu hausambai sawasawa, na ukumbuke kwamba sakafu iliyofaulu mwezi wa Agosti yaweza kushindwa mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimeujaza udongo. Ziko epoksi maalumu za kuzuia unyevu, nazo huongeza gharama. Mteja asipokuwa tayari kwa gharama hiyo tunamshauri asage tu sakafu na kuipaka dawa ya silikati inayopenya ndani na kuigumisha bila kuacha ngozi juu, au, kama zege limechoka, aling'oe aweke kabro, yaani matofali ya zege ya kutandika chini. Kwa zege jipya tunangoja angalau siku 28, hata mwenye nyumba akiwa amekwisha kuhamia.

Nyufa hazituchukulii muda mrefu. Ufa uliotulia tunaupanua kwa grainda, tunaufyonza vumbi na kuujaza kwa uji wa epoksi. Ufa unaoendelea kutembea utapasua rangi yoyote juu yake, na viungo vilivyoachwa makusudi ili zege lipate nafasi ya kupanuka na kunywea havijazwi kwa kitu kigumu.

Epoksi huja katika makopo mawili, resini na hadina (kigumishi chake), na haikauki kama rangi ya ukuta; hugeuka kuwa ngumu kwa mmenyuko wa kemikali kati ya hivyo viwili. Mafundi waliozoea kupaka magari huona hadina kama chumvi ya mboga, wakaiongeza kidogo ili kazi iwahi. Kwa epoksi, hadina inayozidi haina resini ya kushikana nayo, na sakafu hubaki yenye kunata au dhaifu daima. Tunapima kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, tunakoroga kwa drili ya mwendo wa polepole kwa dakika tatu hivi huku tukikwangua kingo, kisha tunahamishia kwenye ndoo ya pili na kukoroga tena, kwa sababu kilichoganda ukutani mwa ndoo ya kwanza hakikuchanganyika. Baada ya hapo tunaimwaga sakafuni mara moja. Mchanganyiko ukibaki kwenye ndoo hujizidishia joto, na tumewahi kuiona ndoo iliyosahauliwa ikitoa moshi.

Hali ya hewa ya Nairobi inataka mpango. Epoksi nyingi hazikomai vizuri chini ya nyuzi 10, na asubuhi za Julai huwa karibu na hapo, tena na manyunyu. Unyevu wa hewa ukitua juu ya epoksi changa huacha utando mweupe wa kunata. Miezi ya baridi tunapaka saa sita mchana na kufunga mlango kabla ya jioni. Januari na Februari tunafanya kinyume: tunasubiri zege lianze kupoa alasiri, kwa kuwa zege linalopata joto husukuma hewa nje, nayo hutoboa rangi vitundu vidogo kama vya sindano.

Ukipewa makadirio ya bei na fundi yeyote, sisi tukiwemo, uliza lita. Lita moja ikitandazwa kwenye mita mraba moja hutoa unene wa milimita moja, kwa hiyo gereji ya mita sita kwa sita, yaani mita mraba 36, ikihitaji unene wa milimita 0.3, itakula karibu lita 11 za epoksi isiyo na thina (kimiminika cha kuzimulia rangi), bila kuhesabu kinachonyweka katika zege lililosagwa. Ukiambiwa kopo moja la lita nne litatosha, unauziwa unene wa milimita 0.11, na kama nusu yake ni thina itakayopaa hewani, kinachobaki kinakaribia unene wa unywele. Hakuna tairi litakaloheshimu hicho.

Jambo moja husahauliwa kwenye gereji zenye mlango wa kukaa wazi. Nairobi iko karibu na Ikweta na juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na jua lake huifanya epoksi igeuke manjano na kupoteza mng'ao. Kwa mita mbili za kwanza kutoka mlangoni, au sakafu nzima ikiwezekana, tunaongeza tabaka la juu la poliyurethani inayostahimili jua. Katika tabaka hilo tunanyunyiza pia mchanga wa silika uliochekechwa, ili mtu asiteleze akishuka garini siku ya mvua, ingawa tunamwonyesha mteja sampuli kwanza, kwa maana mchanga ukizidi sakafu hukamata uchafu na kuchosha anayepiga deki.

Baada ya tabaka la mwisho unaweza kutembea juu yake siku inayofuata ukiwa na viatu laini, lakini gari lisubiri siku saba, na katika miezi ya baridi tunasema kumi. Kabla ya kutualika, toa kila kitu gerejini pamoja na ile mitungi ya gesi na magurudumu ya akiba yaliyosahauliwa pembeni, fanya kipimo cha nailoni, kisha ututumie picha tatu: sakafu nzima ikiwa imefagiliwa, nailoni kabla hujaibandua, na mgongo wa ganda la rangi ya zamani kama lipo.