Daftari la jumuiya lisitumike kumnyima Mkristo mazishi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na Wakatoliki wenzangu, hasa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na mapadri wetu. Ninataka kusema juu ya desturi ambayo nimeiona katika parokia zaidi ya moja: marehemu kunyimwa misa ya mazishi kwa sababu jina lake kwenye daftari la jumuiya halina mahudhurio, au kadi yake ya zaka ina mapengo. Nimefanya kazi ya ukatekista tangu nikiwa msichana mpaka nilipostaafu, ni mwana-WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania), na jumuiya sikosi labda niwe mgonjwa. Nalipenda Kanisa langu, ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Jirani yangu tuliyemzika mwaka huu alikuwa mlinzi wa usiku. Jumuiya yetu husali Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Saa hiyo yeye alikuwa bado getini anamsubiri mwenzake wa mchana. Akifika mtaani, sisi tumeshamaliza Injili, sadaka imeshahesabiwa, watu wanatawanyika. Alikuwa akitusalimia akiwa na koti la lindo mkononi, kisha anapita kwa bibi mmoja aliyepooza, anamsomea Zaburi, ndipo anakwenda kulala. Bibi huyo si ndugu yake. Watoto kadhaa wa mtaa wetu waliokuja kwangu kwa mafundisho ya komunyo walikuwa tayari wanaijua Baba Yetu na Salamu Maria, na nilipowauliza nani kawafundisha, walimtaja yeye.

Msibani, mwenzake wa lindo, ambaye ni Mwislamu, alitueleza jambo ambalo hata mjane hakulijua. Rozari ya marehemu ilikuwa imetundikwa kwenye msumari ndani ya kibanda, juu ya kitabu cha kuandikia magari. Kila ikifika saa tisa usiku, huyu akisimama kuswali tahajudi, yule anaishusha rozari yake na kuanza. Wakimaliza wanagawana chai ya chupa. Alisimulia hayo akilia, mzee mzima.

Chini ya turubai hilohilo daftari likafunguliwa. Niliketi karibu, nikaliona: jina limeandikwa vizuri kwa wino wa bluu, na mbele yake safu ndefu ya mikasi, yaani alama za kutohudhuria, kwa kalamu nyekundu. Wafiwa wakaambiwa kwamba mbali na utoro kuna malimbikizo ya zaka na mchango wa ujenzi. Mjane akafungua pindo la kitenge, akatoa hela za rambirambi alizopewa asubuhi ile, akauliza zinapungua ngapi. Hakujibiwa. Barua ya jumuiya kwa padri haikuandikwa, naye hakuja. Sala za kaburini niliongoza mimi, majirani wakaitikia.

Sasa nauliza: tumeitoa wapi sheria hii? Sheria za Kanisa zilizotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1983 zinasema katika kanuni ya 1176 kwamba waamini waliofariki wapewe mazishi ya Kanisa. Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa: walioiasi imani waziwazi, wazushi na wenye kulifarakanisha Kanisa, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Hata hao, kama walionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Na palipo na shaka, aulizwe askofu. Mtoro wa jumuiya hayumo. Mwenye deni la zaka hayumo. Kanuni ya 1181, inayohusu sadaka za mazishi, inaagiza kusiwe na upendeleo na maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Hela za mjane yule zilikuwa ndani ya kanuni hiyo, na waliokuwa wameshika daftari hawakuijua.

Nitajibiwa kwamba bila ukali watu hawatakuja jumuiya wala hawatatoa, watasubiri jeneza ndipo wakumbuke kengele ya kanisa. Ninalijua tatizo hilo kwa sababu nimeishi nalo. Bati za kigango hazijinunui, na kuchangia Kanisa ni wajibu wa kila muumini. Wapo kweli wanaokwepa kwa uvivu. Lakini mkwepaji afuatwe akiwa hai, akalipishwe jasho la kujieleza akiwa na mdomo. Maiti haijifunzi. Anayechapwa pale ni mjane na watoto, ambao pengine ndio waliokuwa wanahudhuria.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipozifanya jumuiya kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, shabaha ilikuwa Kanisa lishuke mtaani, majirani wafahamiane, wasome Neno pamoja, wabebane katika shida. Jumuiya inayomjua mtu haihitaji mikasi ya kalamu nyekundu ili ijue anaendeleaje na Mungu wake. Sisi tuliishi naye ukuta kwa ukuta, na habari za rozari yake tulizipata kwa Mwislamu.

Lipo pia jambo linaloniuma kuliko hilo la padri kutokuja. Mpwa wa marehemu, kijana niliyemfundisha mimi mpaka kipaimara, tangu siku ile hajakanyaga kanisani. Nilipomfuata aliniambia: "Shikamoo bibi, ila kwa hili usinisumbue. Mimi na Mungu wangu tunaelewana. Nasali chumbani, daftari sina." Vijana wengi siku hizi wanasema hivyo, na wazazi wao wanadhani ni utandawazi tu. Wengine wameyaona mambo kama haya makaburini.

Nilimwambia ninaloliamini. Hiyo sala anayosali chumbani aliipokea kwa watu, na watu hao waliipokea kwa wengine, vizazi kwa vizazi, na Kanisa ndilo lililoitunza. Siku akiugua, sala yake mwenyewe itamtoka kwa shida, atahitaji wa kumsalia. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: "Mjomba alikuwa na imani pungufu au hakuwa?" Nikamwambia hakuwa na pungufu. "Basi mbona mlimzika kama hana?" Swali hilo linawahusu waliokuwa na uamuzi siku ile, nami ninalipeleka kwao kupitia gazeti hili.

Tunawaheshimu sana Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, na mahujaji wetu hukodi mabasi kwenda Namugongo, walikouawa wengi wao, kila Juni. Tukumbuke walivyoishi. Wamisionari wa Afrika, yaani mapadri wa shirika la White Fathers, waliondoka Buganda mwaka 1882, wakavuka ziwa kuja upande wetu wa kusini, na hawakurudi mpaka 1885. Miaka hiyo yote waamini, akina Yosefu Mukasa Balikuddembe na Matia Mulumba, walifundishana na kusali majumbani, wakaongezeka. Mei 1886, vijana wakiwa wanangoja hukumu, Karoli Lwanga alimbatiza Kizito kwa mkono wake, mlei kwa mlei, kwa sababu padri hakuweza kufika. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Hawakuwa wanamsali Mungu kila mtu peke yake, walikuwa jumuiya hasa. Ila waliaminiana kwa kuonana na kujuana.

Ninachoomba kinawezekana. Jumuiya zenye walinzi, wauguzi, madereva na mama ntilie ziweke kipindi cha pili, Jumapili jioni au siku yoyote itakayowafaa. Jina lisipigwe mkasi mara tatu mfululizo kabla watu wawili hawajakwenda kubisha hodi kwake. Mambo ya zaka yawe na kitabu chake, kisifunguliwe msibani. Mwenyekiti asiachiwe peke yake mzigo wa kuamua nani azikwe na nani asizikwe. Akiwa na shaka apeleke kwa paroko, na paroko kwa askofu, kama sheria inavyosema. Na padri akikosa nafasi, katekista atumwe rasmi na parokia, familia ijue kwamba Kanisa ndilo lililomtuma.

Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, tutakwenda makaburini na mishumaa na maji ya baraka. Ninawaomba mapadri, Jumapili moja kabla ya hapo, waisome kanuni ya 1184 mbele ya waamini kwa Kiswahili chepesi, na wenyeviti wote wa jumuiya wawepo.

Katekista mstaafu,
Morogoro