Mashirikiano ya vyuo vyetu na vya nje yawe ya pande mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu mashirikiano ya vyuo vikuu vyetu na vyuo vya nje. Mara kwa mara tunasoma habari za hati ya makubaliano iliyotiwa saini, pamoja na picha ya wakuu wawili wakipeana mikono. Sizipingi saini hizo. Ninachotaka, na walimu wenzangu wengi hapa Pemba wanataka, ni kujua kilichoandikwa ndani ya hati: kijana wetu anapata nafasi gani ya kwenda, na anayekuja kutafiti kwetu anatuachia nini.

Wanaokuja tunao wengi. Wapo wanaojifunza Kiswahili, kazi iliyofanywa Unguja tangu enzi za TAKILUKI, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, na inayoendelea sasa ndani ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wapo wa matumbawe na mikoko, wa popo wa Kidike, wa magofu ya Ras Mkumbuu na Pujini, na wa Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, Unguja. Tunawapokea kwa moyo mmoja, na hilo lisibadilike. Ila wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nauliza mwenyeji amepona nini.

Chukua mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989 kule Paje na Jambiani, kikaenea hadi kwetu, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kotonii, aina ya mwani ambayo bei yake ndiyo nzuri, imekuwa ikifa maji ya kina kifupi yanapopata joto, na akina mama wengi wamebaki na spinosamu ya bei ndogo. Basi watafiti wakaja, na wana haki ya kuja, maana jambo lenyewe ni zito. Mgeni anafika na karatasi ya maswali, amefuatana na mkalimani na sheha, kiongozi wa eneo. Unapanda kamba ngapi? Kilo unauza kwa bei gani? Fedha anashika nani nyumbani? Anayeulizwa yumo kazini. Mwani hushughulikiwa siku za bamvua, na saa ambazo maji yametoka ni chache. Kila dakika anayosimama kujibu ni kamba ambayo haikufungwa. Mgeni anarudi kwao, anaandika tasnifu, anapata shahada yake. Tasnifu inakaa kwenye maktaba ya mbali, kwa Kiingereza. Na yule mama aliyekuwa na swali lake moja, mbona mwani wangu umekufa, hakuna aliyerudi kumjibu.

Haki isemwe: wapo watafiti wa kwetu waliokaa miaka na akina mama hawa, wakajaribu nao kupanda kwenye maji ya kina kirefu na kutengeneza sabuni ya mwani. Kwa hiyo kurudisha elimu kwa mwenye swali kunawezekana.

Hapa Pemba tunao pia mfano wa mashirikiano yaliyozaa. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 pale Wawi, Chake Chake, imebeba jina la mtaalamu wa vimelea kutoka Italia. Maradhi yanayotafitiwa pale ni yale yale yanayowasumbua watoto wetu skuli, kichocho na minyoo. Jengo liko hapa, vifaa viko hapa, na wanaoangalia darubini ni vijana wa hapa. Mgeni akiondoka, kazi inabaki na watu wake. Ningependa wanaoandika hati za makubaliano waitembelee kabla hawajashika kalamu.

Lipo jambo jingine linaloniuma zaidi. Mkalimani niliyemtaja mara nyingi ni mwanafunzi wetu wa chuo. Yeye ndiye anayejua nyumba ipi iingiwe kwanza, neno lipi likisemwa mbele ya mkwe litaharibu mazungumzo, na jibu lipi limetolewa kwa ajili ya kumfurahisha mgeni tu. Hiyo ni kazi ya utafiti. Lakini analipwa posho ya siku, na makala ikitoka jina lake, likitajwa, limo kwenye mstari wa shukurani. Mwanafunzi aliyefanya nusu ya kazi aandikwe kuwa mwandishi mwenza, na sharti hilo liwemo ndani ya hati yenyewe, lisiachwe kwa huruma ya mgeni.

Sasa kuhusu kwenda. Pasipoti ni shilingi 150,000. Balozi ziko Dar es Salaam, maana yake mtoto wa Micheweni anavuka bahari hadi Unguja, anavuka tena, anatafuta pa kulala, na anaweza kunyimwa viza. Kwa mtoto wa mkulima wa karafuu safari imekwisha kabla haijaanza. Nafasi zenyewe zimekuwapo: kupitia Fulbright, mpango wa masomo wa serikali ya Marekani, vijana wa Tanzania wamekuwa wakipelekwa huko kusaidia kufundisha Kiswahili vyuoni kwa mwaka wa masomo. Ni wangapi Wete wamewahi kusikia hilo kabla ya siku ya mwisho ya maombi?

Wapo watakaosema tukiweka masharti wageni watakwenda kwengine. Siamini. Mwaka 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya Kiswahili moja ya lugha zake za kazi. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja. Tawi la kwanza nje ya India la IIT, vyuo vya teknolojia vya India, ni la IIT Madras, nalo lilifunguliwa Bweleo, Unguja, mwaka 2023. Tunatafutwa, na anayetafutwa anaweza kukaa mezani akasema anachotaka.

Ninachotaka kiandikwe ni hiki. Kila chuo kinacholeta wanafunzi kwetu kipokee wetu pia, na gharama za pasipoti, viza na safari ya ubalozini ziwe sehemu ya makubaliano. Kila mtafiti, kabla tasnifu yake haijakaa kabatini, alete kurasa chache za Kiswahili zinazosema alichokiona, zisomwe kwenye shehia alikouliza maswali, na wenyewe wapate nafasi ya kumsahihisha.

Kupitia ukurasa wako, Mhariri, naziomba ofisi za mashirikiano ya kimataifa za vyuo vyetu zitujibu: mwaka uliopita walikuja wanafunzi wangapi kutoka nje, walikwenda wetu wangapi, na katika hao waliokwenda, wangapi wametoka Pemba?

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba