Malalamiko kuhusu kuachwa kwa sauti ya Dexter katika tafsiri ya Kiswahili

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Televisheni ya Kulipia,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: TAFSIRI PUNGUFU YA TAMTHILIA YA DEXTER

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa mwaka wa sita, mkazi wa Morogoro. Mwezi Machi nilipandisha kifurushi changu kwa sababu mlitangaza kuwa mtaonyesha misimu yote 8 ya Dexter, tamthilia ya Marekani ya mwaka 2006 hadi 2013, ikiwa na maandishi ya Kiswahili chini ya kioo. Nilifurahi kwa ajili ya mama yangu, mwenye miaka 71, ambaye hajui Kiingereza na anapenda mno hadithi za polisi. Saa mnayoirusha ni ya usiku na onyo la umri mmeliweka, hapo sina neno. Ninacholalamikia ni kwamba wafasiri wenu wametafsiri kila kinachotoka midomoni mwa wahusika, wakaacha kila anachokisema Dexter moyoni mwake.

Dexter Morgan, anayeigizwa na Michael C. Hall, ni mchambuzi wa matone ya damu katika polisi ya Miami, na kwa siri anawaua wauaji waliokwepa sheria, akifuata kanuni alizofundishwa na Harry, baba yake wa kulea. Mbele za watu ni mpole na mwenye tabasamu. Ukweli wake umo katika ile sauti tunayoisikia watazamaji peke yetu. Katika sehemu ya kwanza kabisa anaingia ofisini na boksi la donati, anawagawia wenzake, na zilipokwisha anajifananisha na boksi lenyewe, kwamba naye ndani ni mtupu. Mama alisoma salamu na shukrani, boksi likapita bila neno chini yake, naye akaniambia, "Mwanangu, kijana huyu kalelewa." Tangu siku hiyo Sajenti Doakes, askari anayemtilia shaka Dexter, amekuwa adui wa nyumba yetu, kila akitokea mama husema anamwonea mtoto wa watu.

Kuanzia msimu wa tatu Harry, ambaye ni marehemu, humjia mwanawe kama wazo na kuzungumza naye. Mama aliamini mzee huyo yu hai na anajificha, akashangaa kwa nini binti yake Debra hamwamkii. Matusi ya Debra, kwa upande mwingine, mmeyatafsiri yote bila kuruka hata moja, mpaka ikabidi niwe nakohoa.

Kilichonifanya niandike ni mwisho wa msimu wa nne. Dexter anamkuta mkewe, Rita, ameuawa bafuni, na mtoto wao mchanga amekaa sakafuni katika damu, kama Dexter mwenyewe alivyoachwa katika damu ya mama yake akiwa na miaka mitatu. Sauti ndiyo inayounganisha damu hizo mbili, na ndimo anamokiri kwamba ubaya unatoka kwake yeye. Chini ya kioo hapakuwa na kitu. Mama alinigeukia akauliza kama maandishi yameharibika.

Nimepiga simu mara mbili kwenye dawati lenu, na mara zote nikajibiwa kwamba utaratibu ni kutafsiri mazungumzo tu. Kwa tamthilia nyingine utaratibu huo huenda usimuumize mtu. Kwa hii, mmemfuta mhusika mkuu na kutuachia jirani mwema.

Kwa hiyo naomba tafsiri irudiwe kuanzia msimu wa kwanza, na nirudishiwe shilingi 54,000, ambazo ni nyongeza niliyolipa kwa miezi mitatu. Kwa sasa ninasimamisha picha kila sauti hiyo inapoanza na kumtafsiria mama mwenyewe, hivyo sehemu ya dakika 50 inatuchukua saa moja na nusu. Tumeanza upya kutoka msimu wa kwanza, na Doakes amekwisha kusamehewa.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Morogoro