Seva ya Muheza isibadilishe jina kila asubuhi: kupanga majina kwenye orodha hai ya Ansible

Ukikodi seva za AWS (huduma ya Amazon ya kukodisha seva mtandaoni) kwa ajili ya matawi ya Tanga mjini, Muheza na Korogwe, kisha ukawa unazizima saa mbili usiku na kuziwasha saa moja asubuhi ili bili isipande, kila asubuhi seva hizo huamka na anwani mpya ya IP ya nje. Kwa keshia hilo halina neno. Kwa Ansible, programu ya kusimamia seva nyingi kutoka kompyuta moja, lina neno kubwa. Usipoielekeza, plagini yake ya AWS, ile inayoiuliza AWS na kutengeneza orodha ya seva (ndiyo orodha hai), huiita kila seva kwa jina lake la DNS la nje, na jina hilo hutengenezwa kutokana na anwani hiyo hiyo ya IP. Kwa hiyo seva ya Muheza ya leo, machoni pa Ansible, si ile ya jana.

Ubaya ni kwamba hakuna kosa linalojitokeza. Mipangilio ya seva moja moja hukaa kwenye folda ya host_vars, na kila faili humo huitwa kwa jina la seva. Jina likibadilika, faili linabaki limelala na Ansible hailalamiki. Seva inapewa mipangilio ya jumla tu. Kazi inaisha kwa rangi ya kijani, huku nakala za akiba za Muheza zikienda mahali pa jumla badala ya pale ulipopanga.

Wengine hukimbilia Elastic IP ili anwani isibadilike. Inafanya kazi, lakini tangu Februari 2024 AWS hutoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya IPv4 ya nje, na Elastic IP huendelea kutozwa hata seva ikiwa imezimwa. Umezima seva kuokoa pesa, halafu unalipia anwani usiku kucha. Sisi tunashauri kutenganisha mambo mawili: jina litoke kwenye tagi (lebo ya seva kule AWS) unayoiandika mwenyewe, na anwani ya kuunganishia iachwe ibadilike inavyotaka.

Kwenye kompyuta inayoendesha Ansible weka kwanza boto3 na botocore (maktaba za Python za kuzungumza na AWS), kisha mkusanyiko wa amazon.aws:

ansible-galaxy collection install amazon.aws

Halafu andika faili hili, kwa mfano matawi.aws_ec2.yml. Jina la faili lazima liishie na aws_ec2.yml au aws_ec2.yaml. Ukiliita matawi.yml tu, plagini hailigusi, na utaambiwa orodha ni tupu, imebaki localhost peke yake.

plugin: amazon.aws.aws_ec2
regions:
  - af-south-1
filters:
  instance-state-name: running
hostnames:
  - tag:Name
  - instance-id
compose:
  ansible_host: public_ip_address
  ansible_user: "'ubuntu'"
keyed_groups:
  - key: tags.Tawi
    prefix: tawi

af-south-1 ni kituo cha Cape Town. Hakiwi wazi kwenye akaunti mpaka ukiwashe mwenyewe, na usipotaja kituo chochote plagini huzunguka kuuliza vyote, ndiyo maana orodha huchelewa.

Sehemu ya hostnames husomwa kutoka juu kwenda chini, na cha kwanza kupatikana ndicho kinachotumika. Seva yenye tagi ya Name itaitwa kwa tagi hiyo; isiyo nayo itaitwa kwa namba yake ya AWS, ile inayoanza na i-. Usiuache mstari huo wa pili. Ukiweka tag:Name peke yake, seva iliyosahauliwa kuwekewa tagi haitaingia kwenye orodha kabisa, na hakuna atakayejua kwamba haipokei masasisho ya usalama. Angalia pia herufi: Name na name ni tagi mbili tofauti.

Bila ansible_host, mabadiliko haya yatakuharibia kazi badala ya kuitengeneza. Ansible itajaribu kuunganisha kwa jina la kwenye tagi, tuseme mhz-pos-01 (seva ya mauzo ya Muheza), jina ambalo halipo kwenye DNS yoyote, na utapata UNREACHABLE kwa kila seva. Kama unaendesha Ansible ukiwa ndani ya mtandao huo huo wa AWS au kupitia VPN, weka private_ip_address. Anwani ya ndani haibadiliki seva ikizimwa na kuwashwa.

Zile nukuu mbili kwenye ansible_user zinatuletea simu kuliko kitu kingine chochote. Kila kilichoandikwa chini ya compose husomwa kama hesabu ya Jinja (lugha ya violezo ya Ansible), si kama maandishi. Ubuntu bila nukuu za ndani inachukuliwa kuwa kigezo. Kigezo hicho hakipo, mstari unarukwa kimyakimya, na Ansible inaingia kwa jina la mtumiaji wa kompyuta yako. Hapo ndipo Permission denied inapotoka. Ukitaka isirukwe kimya, ongeza strict: true wakati wa kujaribu.

Tatizo lingine ni majina yanayogongana. Seva mbili zikiwa na tagi moja ya Name, orodha itaonyesha moja tu, na taarifa za iliyosomwa mwisho zitafuta za mwenzake. Hutokea sana kwa seva zinazozaliwa na Auto Scaling (huduma ya AWS inayoongeza na kupunguza seva yenyewe), maana zote hurithi tagi ile ile. Kwa hizo, unganisha tagi na namba:

hostnames:
  - name: instance-id
    prefix: tag:Name
    separator: "-"

Jina linakuwa refu na halipendezi, ila halirudiwi. Kwa seva chache za matawi hatuoni haja yake. Tosheka na utaratibu wa herufi tatu za mji, kazi, na namba: tng-pos-01, mhz-pos-01, kgw-ripoti-01. Tumia herufi ndogo na vistari, bila nafasi. Usiiite seva kwa jina la mfanyakazi, na tafadhali usiiite "mpya". Kwenye makundi yanayotokana na keyed_groups, kistari hugeuzwa kuwa mstari wa chini, hivyo tagi ya Tawi ukiiandika tanga-mjini, kundi litaitwa tawi_tanga_mjini.

Kagua kabla ya kuendesha chochote:

ansible-inventory -i matawi.aws_ec2.yml --graph

Hesabu seva ulizoona, linganisha na zinazowaka kwenye ukurasa wa AWS. Zikipungua, tafuta majina yanayogongana. Kisha badilisha majina ya mafaili ya host_vars, pamoja na kila sehemu yenye jina la zamani kwenye hosts au --limit. Kama umewasha kache (nakala iliyohifadhiwa ya majibu ya AWS), endesha mara ya kwanza na --flush-cache, la sivyo utapewa taarifa za zamani mpaka muda wake uishe.

Kuna kero ndogo inayobaki: SSH, njia ambayo Ansible huingilia kwenye seva, hukumbuka ufunguo wa seva kwa anwani, na anwani ya leo huenda wiki iliyopita ilikuwa ya seva yako nyingine. Watu huzima ukaguzi wa funguo kabisa, jambo tusilolipenda. Afadhali uongeze mstari huu chini ya compose:

ansible_ssh_common_args: "'-o HostKeyAlias=' + instance_id"

Ufunguo utahifadhiwa kwa namba ya seva, na hautagombana na anwani tena.

Jina la kwenye orodha haligusi jina lililo ndani ya seva yenyewe. Ukitaka yafanane, tumia moduli ya ansible.builtin.hostname na uipe inventory_hostname. Kwenye baadhi ya imeji, cloud-init (programu inayoandaa seva inapowaka) hurudisha jina la zamani seva ikiwashwa upya. Weka preserve_hostname: true ndani ya /etc/cloud/cloud.cfg.

Kama ungependa tukupangie, tutumie orodha ya matawi, kazi ya kila seva, na folda yako ya host_vars baada ya kuondoa nywila. Tutengenezee mtumiaji wa IAM (mfumo wa ruhusa wa AWS) mwenye ruhusa moja tu, ec2:DescribeInstances, ambayo inatosha kusoma orodha na haiwezi kuzima wala kufuta kitu. Ufunguo wa akaunti kuu usitutumie, hata kwa WhatsApp ya haraka haraka. Tutakuomba uufute kwanza ndipo tuanze.